Barua Arobaini na Moja

Programu ya shule ya kunasa kazi zilizonakiliwa ilisema asilimia themanini na tatu. Ruqaiya Salmin aliifunga, akaifungua tena, akaipakia kazi ile ile upya. Themanini na tatu. Mwenzake Abby, aliyefundisha kemia katika shule hiyo ya sekondari pale Njoro na ndiye aliyekuwa na neno la siri la programu, alimtania kwamba hata watoto wa kidato cha pili wakiiba hubadilisha maneno mawili matatu kwa ajili ya heshima.

Ruqaiya hakucheka. Kazi aliyokuwa akiipima ilikuwa yake mwenyewe, sura moja ya mradi wake wa chuo. Aliiandika mwaka wa 2021, alipokuwa akimaliza shahada ya kwanza, na sasa, miaka minne baadaye, ilikuwa iende Kanada kama sampuli ya uandishi katika maombi yake ya uzamili wa Kiingereza. Vingine vyote vilikuwa tayari: matokeo ya chuo, maelezo ya nia, barua mbili za mapendekezo kati ya tatu. Zilibaki siku tisa. Fomu ilionya kwamba kila sampuli ingepitishwa kwenye programu kama hii, na atakayepatikana na kazi ya mtu mwingine angeondolewa bila kuulizwa neno.

Alibonyeza palipoandikwa chanzo. Ikafunguka makala ya kurasa kumi na tisa, iliyochapishwa katika jarida moja la mtandaoni mwaka wa 2023. Chini ya kichwa kulikuwa na jina moja tu, Dkt. Odero.

Dkt. Odero ndiye aliyemsimamia Ruqaiya alipokuwa akiiandika kazi hiyo. Ndiye pia aliyeahidi barua ya tatu.

Aliisoma makala yote akiwa amesimama, kwa sababu kukaa kulimshinda. Mwaka wa 2020, Ziwa Naivasha lilipopanda na kuingia mtaa wa Kihoto, watu waliofukuzwa na maji waliandika barua za Kiingereza kwa kila ofisi waliyoijua, wakiomba kusaidiwa. Ruqaiya alikusanya arobaini na moja. Alionyesha jinsi zilivyojengwa: kwanza tarehe maji yalipofika, kisha kina chake, hadi dirishani au hadi kitasa cha mlango, kisha idadi ya watoto, na ombi likaja mwishoni kabisa, mstari mmoja. Alihitimisha kwamba waandishi wa Kihoto waliujua ufundi wa kushawishi kuliko ofisi walizoziandikia. Dkt. Odero alikuwa amebadilisha vitu vitatu: kichwa, jina la mwandishi, na hitimisho. Katika hitimisho lake, barua zilikuwa ushahidi wa umaskini wa lugha miongoni mwa watu wa kipato cha chini.

Baya zaidi lilikuwa kwenye kurasa za nyuma. Ruqaiya aliwaahidi watu wa Kihoto kwamba majina yao hayatatoka. Kwenye kazi yake aliwaita kwa herufi, na orodha ya majina akaiweka katika kiambatisho cha siri alichompa msimamizi peke yake, kwa kuwa kanuni za chuo zilitaka hivyo. Kiambatisho kile sasa kilikuwa mtandaoni, jina kwa jina. Mugure, muuza samaki, alikuwa pale kwa majina yake mawili, na barua yake nzima chini yake, pamoja na mistari minne kuhusu usiku ambao mumewe alibeba redio na godoro akamwacha na watoto ndani ya maji.

Ahadi ile ilitoka kinywani mwa Ruqaiya, wala si mwa Odero. Hilo aliliandika la kwanza kwenye karatasi, kisha akaandika mengine kwa tarehe. Alimtumia Odero sura ile tarehe kumi na nne Machi 2021, na imeili ilikuwepo. Jarida lilipokea makala Septemba 2022, na tarehe hiyo lilikuwa limeichapa lenyewe chini ya ukurasa wa kwanza. Alipomaliza aligundua kwamba kalamu ilikuwa imetoboa karatasi mahali pawili.

Kesho yake aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda chuoni kwake kwa zamani. Dkt. Odero alimpokea kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo lililomchoma. Alimwambia amepotea, akamuuliza baba yake anaendeleaje nyumbani, pale Bondeni, akamwonya kwamba Kanada baridi huanza Oktoba. Kuhusu barua, asiwe na wasiwasi. Aiandike mwenyewe, ajisifu apendavyo, amletee aitie sahihi. Wanafunzi wake wote hufanya hivyo, na hajawahi kusoma hata moja.

Ruqaiya akaiweka makala mezani.

Odero aliitazama, akamtazama yeye, akacheka kidogo. "Kumbe leo umekuja na uso wa askari wa kanjo. Nilifikiri umekuja kwa barua."

"Hii ni kazi yangu, Daktari."

"Ruqaiya, mradi wa digrii ya kwanza si mali ya mtu. Ni zoezi. Mtoto akichora nyumba darasani, hatuendi kumwandikia hati ya shamba."

"Lakini mwalimu pia hahamii kwenye nyumba hiyo."

 Odero akaeleza, kwa subira ya mtu anayemfundisha mgeni njia za mji, kwamba mambo haya huenda hivyo kila mahali. Yeye mwenyewe alifanyiwa. Alimwonyesha tanbihi ya nne, ambapo alimshukuru mwanafunzi mmoja kwa msaada wa kukusanya data. Na suluhisho lilikuwa rahisi, tena lingemfaa kuliko alivyodhani. Angeandika kwenye barua kwamba Ruqaiya alikuwa msaidizi wake wa utafiti. Ruqaiya naye angetaja hivyo hivyo kwenye maombi, atume makala ikiwa na jina la Odero, aseme ameshiriki. Programu ingenyamaza. Kamati ingefurahi.

"Kihoto ulienda lini?" Ruqaiya akauliza.

"Hayo ni maswali ya polisi."

"Umeweka jina la Mugure. Amekukosea nini?"

"Mugure ni nani?"

Hakuwa anajifanya. Hakumjua kabisa. Ruqaiya aliichukua makala mezani, akaikunja. Odero alilichukua hilo kuwa ni kukubali. Alisimama, akafungua mlango kwa adabu.

"Binti yangu, kamati ikitaka kujua habari zako itaniuliza mimi. Ukinichafua, hakuna barua. Bila barua, hakuna Kanada. Nenda ufikirie, sio lazima leo."

Alifikiri kwa siku mbili, akifundisha vipindi vyake na kusahihisha insha. Alitaka kwenda Kanada. Alikuwa ametaka kitu hicho kimoja tangu alipofungua kitabu cha kwanza cha nadharia ya lugha. Njia ya Odero ingemfikisha. Asingekufa kwa kuitwa msaidizi. Lakini kila alipojaribu kuiandika sentensi hiyo kwenye fomu, vidole viliandika kitu kingine. Siku ya tatu, Jumamosi, alipanda gari la Naivasha. Kabla ya kuamua lolote alipaswa kuwaambia wenyewe.

Mwaka huu ziwa lilikuwa limepanda tena. Barabara ya Kihoto aliyoikumbuka ilikuwa maji, na kibanda cha Mzee Ndung'u cha kuchapa na kufotokopi kilikuwa kimehamia juu, karibu na lami. Mzee huyo, karani mstaafu wa kampuni ya maua, ndiye aliyechapa barua ishirini na sita kati ya zile arobaini na moja, na sasa alikuwa akichapa nyingine. Watu wanane walikuwa kwenye benchi. Mugure alikuwa wa tatu.

Ruqaiya aliwaeleza hapo hapo, mbele ya benchi zima, bila kupamba. Majina yametoka. Orodha aliitoa yeye kwa msimamizi, msimamizi akaichapisha. Mugure alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mtu yeyote mwenye simu anaweza kuisoma. Ruqaiya akasema ndiyo.

"Basi shemeji zangu wameisoma," Mugure akasema. "Mwaka mzima wananiambia nimemtangaza kaka yao kwa serikali. Nikawa naapa si mimi." Akageuza uso kando.

Mzee Ndung'u ndiye aliyepandisha sauti. Alimwambia Ruqaiya kwamba msomi ni mtu wa kuogopwa kuliko mafuriko, kwa sababu maji hayaji kwanza kukuahidi. Alimnyang'anya makala, akavaa miwani, akaisoma kwa kalamu nyekundu mkononi huku wateja wakingoja. Alipofika penye umaskini wa lugha alisoma mara mbili. Miaka thelathini na moja alikuwa ameandika barua za kampuni, na meneja Mwingereza alikuwa akimletea zake azikague.

"Huyu mtu alikanyaga hapa?"

"Hapana, mzee."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

"Na anataka kukuandikia barua ya kukusifu."

"Kama nitakubali kuwa nilikuwa msaidizi wake."

Mzee aliiweka kalamu chini. "Sikia. Kwanza jina la mama huyu litoke. Leo, kabla hujaondoka. Mambo ya Kanada tutazungumza baadaye."

Kuliandikia jarida kulikuwa kumtaja Odero, na kumtaja Odero kulikuwa kuiua barua ya tatu. Ruqaiya aliketi kwenye kompyuta ya mzee, akamwandikia mhariri. Alieleza yaliyotokea, akaambatisha imeili ya Machi na sura yake kama ilivyokuwa, akadai majina yaondolewe mara moja na mwandishi atajwe. Kwenye sentensi ya mwisho alitumia neno mwizi. Alilisoma, akalifuta, akaacha tarehe zisimame peke yake. Akatuma.

Kisha akarudi kwenye masharti ya maombi, akayasoma upya kama mtu anayesoma mkataba. Barua moja kati ya tatu iliruhusiwa kutoka kwa mtu asiye mhadhiri, mradi awe ameishuhudia kazi ya mwombaji kwa macho yake. Aligeuka. Mzee Ndung'u alikuwa tayari amevuta kiti.

"Toka hapo," alisema. "Siandikiwi."

Hakumruhusu kutazama, mpendekezaji haandiki mbele ya anayependekezwa, alisema. Ila aliposahau alijisomea kwa sauti, kwa Kiingereza chake kilichonyooka kama rula, na Ruqaiya akiwa kwenye benchi kando ya Mugure alisikia baadhi: kwamba msichana huyu alifika Kihoto siku kumi na moja, kwamba kila nakala ambayo mzee alimtolea ilipigwa muhuri wa tarehe, kwamba alikuwa na tabia ya kuudhi ya kurudi kuuliza swali lile lile mara tatu, kwamba hakuna mtu mwingine wa chuo aliyefika, na anayedai alifika na aseme maji siku hiyo yalikuwa wapi.

Jumatatu mhariri alijibu kwamba malalamiko yamepokewa na yangeshughulikiwa kwa utaratibu, na kwamba nakala imepelekwa kwa mwandishi. Jumanne Odero alipiga simu wakati wa mapumziko ya saa nne. Ruqaiya alitoka ofisi ya walimu, akasimama kwenye ukuta uliotazama mashamba ya ngano.

Odero hakuwa na mzaha tena. Alimwita mtoto asiye na shukrani. Alisema ameongea na mkuu wa idara, na kwamba hakuna chuo, huku wala huko, kitakachomgusa.

"Umejimaliza mwenyewe, Ruqaiya."

"Niandikie hayo, Daktari. Kwa imeili, uweke na tarehe."

Simu ilikatika. Hakuna imeili iliyokuja.

Alituma maombi alasiri hiyo. Sampuli ilikuwa sura yake, neno kwa neno, pamoja na hitimisho lake mwenyewe. Kwenye nafasi iliyoachwa kwa maelezo ya ziada, maneno mia tatu yasizidi, aliandika kwa nini programu yao ingeonyesha asilimia themanini na tatu, nani aliandika lini, na nani wa kuulizwa, akiweka na nambari ya Mzee Ndung'u. Yalitosha mia mbili na sitini. Abby, aliyekuwa akisoma begani mwake, alimuuliza kama haogopi kwamba watamkata palepale. Ruqaiya alisema inawezekana. Fomu ikasema imepokewa.

Kisha akaifungua tena ile makala, akashuka hadi kurasa za nyuma. Jina la Mugure lilikuwa bado lipo. Akavuta kiti karibu, akaanza kumwandikia mhariri mara ya pili.