Gadenia za Mama Wainaina

Kabla ya msako wa mwaka wa hamsini na nne, serikali ya Waingereza ilipowakamata Wakikuyu wa Nairobi kwa ajili ya vita vya Mau Mau, Milcah Nanjala na Njambi walikuwa wakiuza miche ya maua pamoja nje ya soko kubwa la mjini Nairobi. Milcah alikuwa Mbukusu, mke wa askari polisi aitwaye Lazarus, na nyumba yao ilikuwa katika laini za polisi upande wa Kabete. Njambi, Mkikuyu, alitoka Uthiru, mwendo mfupi kutoka hapo. Mume wake alikuwa amekwisha kukamatwa. Kila mmoja alikuwa na mtoto mmoja mdogo. Njambi alimwita mwenzake Mama Peres, naye akaitwa Mama Wainaina, na watoto wao walikula sahani moja mpaka majirani wakadhani ni ndugu.

Kazi waligawana. Milcah alitafuta mikebe mitupu ya samli na kuitoboa chini kwa msumari, maji yasituame. Njambi alichanganya udongo. Alitoa mboji nyeusi msituni, chini ya miti mikubwa ambako majani yalikuwa yameoza miaka na miaka, akaichanganya na mchanga wa mtoni. Aliukamata kwa kiganja, akaubana, kisha akafungua mkono. Ukibaki donge, aliongeza mchanga. Ukimwagika wote, aliongeza mboji.

Jeranio zilikubali karibu udongo wowote. Gadenia, ambazo wanawake wa Kizungu wa mtaa wa Karen walizipenda barazani kwa ajili ya harufu, zilikuwa na maringo.

"Hii inataka mchanga chachu," Njambi alikuwa akisema, akimaanisha udongo wenye asidi. "Ukiipea majivu, umeiua."

"Kwetu majivu tunatia kwa shamba na mboga inakubali."

"Sukuma si gadenia, Mama Peres." Kisha wakacheka.

Asubuhi ya msako Peres alikuwa na homa, kwa hiyo Milcah alibaki nyumbani. Njambi alikwenda mjini peke yake, mtoto mgongoni, kikapu mkononi. Gadenia zilizokuwa bado changa aliziacha nyuma ya nyumba ya Milcah, mahali walipozoea kuzitunza. Hakurudi kuzichukua.

Jioni Lazarus aliingia, akavua kofia, akakaa bila kuitisha maji ya kunawa.

"Barabara zote za mjini zimefungwa," alisema. "Wakikuyu wanapakiwa kwa malori."

"Na Mama Wainaina?"

Lazarus alitazama viatu vyake. "Nilimwona. Nilikuwa kwa mstari na bunduki. Aliniita. 'Baba Peres! Baba Peres!' Mtoto alikuwa analia."

"Ukafanya nini?"

"Niligeuka nikatazama upande mwingine."

"Si ungemwambia mkubwa wako unamjua!"

"Nikisema namjua, nami nitaulizwa namjuaje. Halafu wewe na Peres mtalala wapi?"

Milcah alitoka nje akamwagilia gadenia, ingawa udongo wake ulikuwa bado umelowa.

Baadaye walisikia kwamba Njambi amerudishwa Uthiru. Lakini Uthiru haikuwa tena ile ya zamani. Watu walikuwa wametolewa makwao, nyumba zikachomwa, wakasongamanishwa katika kijiji kimoja chenye handaki pande zote na walinzi mlangoni. Wanawake walishinda wakichimba, na jioni walifungiwa ndani. Chakula hakikutosha. Milcah alitaka kwenda, Lazarus akamkataza: mke wa askari akionekana akiongea na watu wa mle, wote watatu watakuwa barabarani. Siku moja Lazarus alipokuwa zamu, Milcah alipika uji, akaumimina chupani, akaifunga vizuri kwa leso. Alifika mahali ambapo aliweza kuona mlango wa kijiji. Walinzi walikuwa wakimpekua mama mmoja mzee, wakimwaga kikapu chake chini. Alirudi nyumbani, na uji ule akamnywesha Peres, ambaye hakuwa na njaa.

Kilichobaki mikononi mwake ni maua. Ilipofika wakati wa kuyahamishia mikebe mikubwa, mboji ya Njambi ilikuwa imekwisha, na msitu ulikuwa umepigwa marufuku. Mtu akionekana mle alipigwa risasi. Milcah alichota udongo karibu na nyumba iliyokuwa ikijengwa, ambako waashi walikuwa wakichanganya chokaa. Haukupita muda, majani ya gadenia yakaanza kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Milcah aliona kwamba mimea ina njaa. Akasahau alichoambiwa, au pengine alikuwa amechoka kukumbuka, akatia majivu ya jikoni. Manjano ikazidi. Vitumba vikadondoka kabla ya kufunguka.

Alibeba mkebe mmoja mpaka Karen, kwa Muthama, Mkamba aliyekuwa akitunza bustani ya mmoja wa wateja wao wa zamani. Muthama alikoroga udongo kidogo kwa maji ya mvua, akachovya kipande cha karatasi ya kupimia ambayo mwajiri wake aliagiza kwa ajili ya bustani. Karatasi ikawa ya samawati.

"Ona, mama. Mchanga ukiwa chachu, hii inakuwa nyekundu. Yako ina chokaa."

"Lakini nimeitia mbolea."

"Mbolea iko. Chakula kimejaa hapo, lakini mdomo wa mmea umefungwa. Unakaa karibu na chakula unakufa njaa."

Milcah alianza kulia. Muthama, akidhani ni kwa sababu ya maua, alimtuliza na kumweleza la kufanya: aing'oe mimea, aikung'ute mizizi taratibu, aipande upya katika majani ya misaipresi yaliyooza, maganda ya kahawa ya zamani na mchanga wa chengachenga, na ainyweshe maji ya mvua. Milcah alifanya hivyo. Nyingi zilikufa. Chache zikatoa majani mapya, ya kijani kinachong'aa.

Amri za kufungia watu kijijini zilipolegezwa, Milcah alichukua iliyo nzuri kuliko zote, ikiwa na maua mawili, akaenda Uthiru. Safari hii hakumwomba Lazarus ruhusa. Alimkuta Njambi nje ya kibanda akipepeta maharagwe. Alikuwa amekonda hata mabega yakawa kama ya mtu mwingine.

"Mama Wainaina!" Milcah aliita.

Ungo ukasimama. "Usiniite hivyo," Njambi alisema. "Hakuna Wainaina. Surua ilimkuta hana nguvu. Tulimzika huko chini, na watoto wengine."

Milcah aliketi chini hapo hapo, mkebe mapajani. Kisha mkono wa Njambi ukaenda wenyewe kwenye mkebe, kidole kikachimba udongo, akaunusa.

"Ulitoa wapi hii?"

"Ni majani ya saipresi. Na maganda ya kahawa. Niliharibu nyingi kwanza, kwa majivu."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Kwa muda huo mfupi ilikuwa kana kwamba wako sokoni. Halafu Njambi aliondoa mkono, akaufuta kwenye nguo.

"Nilimwita mume wako kwa jina la mtoto wako. Alinisikia, Mama Peres. Niliona vile alinisikia."

"Najua. Aliniambia."

"Wewe hukunikosea. Lakini nikiona uso wako, naona kisogo chake." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Milcah zaidi. "Acha maua. Wewe enda. Na tafadhali, usirudi."

Milcah aliuacha mkebe karibu na mlango. Nyumbani alimwambia Lazarus maneno machache tu: mtoto alikufa. Lazarus alisukuma sahani, akatoka nje, na Milcah hakumfuata.

Aliendelea kuuza maua, akiwa na meza yake mwenyewe upande wa pili wa soko. Hakuenda Uthiru tena. Siku moja alipokuwa akipita na Peres kwa wauza nyama alisikia sauti anayoijua ikimwambia mteja, "Hii inataka mchanga chachu, mama. Usiipee majivu." Njambi alikuwa amechuchumaa nyuma ya safu ya gadenia changa, zenye afya. Milcah alirudi nyuma ya nguzo, akamkumbatia Peres asije akaita "Mama Wainaina", akasimama pale mpaka Njambi alipomaliza kuuza, akakunja gunia lake na kwenda zake.