Dakika Kumi na Moja za Tobin

Mwaka 2013 nilikuwa muuguzi wa afya ya akili mjini Lodwar, na mara mbili kwa mwezi kazi ilinipeleka kambini Kakuma. Huko ndiko nilikojuana na Caritas, mkimbizi kutoka Burundi, ambaye majirani walimwita Mama Prince kwa jina la mwanawe. Alikuwa mshauri wa kujitolea. Wanawake walioshindwa kulala kwa hofu walimwendea yeye kwanza, na wengi wao hawakuhitaji tena kuja kwangu.

Mwezi wa Novemba nilipata barua pepe kuhusu kongamano la hofu na wasiwasi. Lingefanyika ndani ya kompyuta: kila mshiriki angepewa mwili wa kuchorwa, autembeze kwa vidole mpaka ukumbini. Walitafuta wasemaji. Nikaandika jina la Caritas kabla ya kumwuliza.

"Sista Jelagat, mie sijui hata kuwasha hiyo mashine," aliniambia.

"Vidole vitakuwa vyangu. Maneno yatakuwa yako."

Kibali chake cha kutoka kambini kilichukua wiki mbili. Alikuja Lodwar na gauni la kanisani, kitenge cha bluu, kana kwamba wangemwona. Tuliazima chumba katika ofisi moja yenye intaneti ya setilaiti, na saa tisa alasiri tukafungua kompyuta.

Ilitokea bahari. Ukumbi ulikuwa kisiwani, na mbele yetu daraja. Darajani alisimama mwanamke mweusi wa gauni jeupe.

"Huyo ni mie?"

"Ni wewe."

"Mbona mwembamba hivyo?"

Nilikuwa bado nacheka nilipobonyeza mshale kupita kiasi, na yule mwanamke akatumbukia majini. Caritas alipiga ukelele akanishika mkono kwa kucha. Nilijua sababu. Siku waliyokimbia, mto ulimchukua dada yake, yeye mwenyewe akiona. Nikataka kuzima kila kitu.

Lakini yule mwanamke alishuka mpaka chini kabisa, akasimama. Kifua chake kilipanda na kushuka. Kundi la samaki wa manjano lilipita juu ya kichwa chake, na mwanga ukacheza mabegani mwake.

Kucha zikalegea. "Sista, angalia," Caritas akanong'ona. "Anapumua." Mkono wangu ulipoenda kwenye vibonye, akauzuia. "Usimtoe kwanza."

Sijui tulikaa hapo muda gani. Akatokea mtu anatembea juu ya mchanga wa bahari, amevaa suti nyekundu, na kichwa chake ni cha mbweha. Juu yake liliandikwa jina, Tobin. Maneno yake yalikuja sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta, kwa Kiingereza, nami nikamsomea Caritas kwa Kiswahili.

"Mmepotea? Ukumbi uko juu. Huku watu hupaa, nitawaonyesha."

Alituambia ana miaka hamsini na mmoja, na anapenda mahali hapa kwa sababu hapa anatembea. Nyumbani kwake, miaka saba sasa, hajafika hata kwenye geti la ua wake.

"Muulize anaogopa nini," akasema Caritas.

Jibu likaja: "Sijui. Moyo unaenda mbio, naona nakufa."

Akaniomba nimsomee tena.

Tukapaa naye mpaka ukumbini. Walikuwamo watu kama mia na arobaini, wengine wana mabawa, wengine nyuso za paka. Caritas akaitwa. Alizungumza taratibu, nami nikaandika.

"Kwetu kuna wanawake waliopatwa na mabaya kwenye njia ya kwenda kuokota kuni. Hawawezi kuikanyaga tena. Hatumwambii mtu asiogope, maana yeye aliyaona. Siku ya kwanza anaenda mpaka mti wa kwanza wa mathenge, ile miti ya miiba, peke yake. Sisi tunasimama mahali ambapo akigeuka atatuona. Hatumhimizi. Tunasimama tu. Akirudi, tunaenda nyumbani kupika. Siku nyingine anajaribu mti wa pili."

Kisha likatokea jina la Tobin.

"Nikienda sasa hivi mpaka kwenye geti, mtanisimamia?"

Nilipomsomea, Caritas aliinuka kutoka kwenye kiti chake, pale pale Lodwar. "Mwambie aende."

Nikaandika: Nenda. Kichwa cha mbweha kikainama kifuani, kama inavyokuwa mtu akiondoka mbele ya kompyuta yake. Halafu mstari wa mbele ukasimama. Ukafuata wa pili, wa tatu, mpaka ukumbi mzima ukawa wima.

Zikapita dakika kumi na moja. Feni ilizunguka. Midomo ya Caritas ilikuwa inaomba kwa Kirundi bila sauti. Sijui ni wangapi walisimama kweli vyumbani mwao, katika nchi nisizozijua. Mimi nilisimama.

Kichwa cha mbweha kikainuka.

"Nimelishika. Lina barafu. Mkono wangu bado ni wa baridi."

Caritas akaketi, akajifunika uso kwa viganja.

Nilimrudisha Kakuma siku iliyofuata. Wanawake wake walikuwa wanatungoja, naye akawasimulia yote. Adhieu, mama wa makamo kutoka Sudan Kusini, alisikiliza mpaka mwisho.

"Huko kwa huyo mtu kuna vita?"

"Hakuna," nikasema.

"Nani alimfukuza?"

"Hakuna aliyemfukuza, mama."

Adhieu alikunja mikono kifuani.

"Na kesho akitaka kutoka tena, nani atamsimamia?"

Nikamwambia kwamba kule ukumbini watu tisa walikwisha kuandika majina yao ili wamsimamie.

"Basi niandike na mimi," akasema.