Gazeti la Safu Tupu

Nyamizi alipofungua sanduku lake la bati asubuhi ile, nyumbani kwao Bariadi, alikuta nguo tupu. Magazeti hayamo. Mama yake akamjibu bila wasiwasi kwamba mjomba Ngeleja alipita jana akaomba "yale maandiko", naye akampa. Loo! Vita ilishindwa kuyachukua, yakachukuliwa na mjomba.

Maana Nyamizi alisoma Khartoum, na alikuwa akiandika historia ya magazeti ya Kiarabu ya kila siku nchini Sudan: tangu kabla ya uhuru, kila serikali ikiyafungia, na wanausalama wakivizia alfajiri mlangoni pa kiwanda cha chapa ili wabebe nakala zote zisifike mtaani. Vita ilipolipuka na mitambo ikanyamaza, wenzake walikimbia na mabegi ya nguo. Yeye alikimbia na magazeti. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walimpora simu yenye picha zote alizoyapiga magazeti hayo. Magazeti waliyaona takataka, wakamwachia.

Na ndani yake kulikuwa na moja ambalo angelifia. Mhariri mmoja, mama wa makamo, aliamriwa aondoe habari ya ukurasa wa mbele. Akaiondoa, lakini akagoma kuweka nyingine mahali pake. Gazeti likatoka na kichwa cha habari, na chini yake safu nyeupe, haina hata herufi. Khartoum nzima ilielewa, na wanausalama wakazisaka nakala zote wazichome. Mama yule alimkabidhi Nyamizi nakala pekee iliyonusurika, akamwambia, "Atakayebisha kwamba tulizibwa mdomo, mwonyeshe hii."

Basi Nyamizi akapanda bodaboda hadi mnadani Dutwa, ambako mjomba huuza hirizi zake, amefura. Alimkuta mjomba ameketi karibu na zizi la ng'ombe, mkasi mkononi, vipande vya ngozi mapajani, wafugaji wamemzunguka. Alikuwa anakata magazeti, anashonea hirizi za kufunga shingoni mwa mafahali wasiibwe wala wasipatwe na maradhi. Huku kwetu herufi za Kiarabu ni herufi za Mungu, basi. Nani atauliza zinasema nini?

Nyamizi hakumwamkia. Mpwa kumpita mjomba wake bila hata "mwangaluka", watu wakaguna. Alikwenda moja kwa moja kwa fahali wa Masele, mfugaji kutoka Lingeka, akaikata hirizi shingoni, akaipasua, akasoma kwa sauti. Kisha akatafsiri kwa Kisukuma, polepole, kila mtu asikie: matairi ya lori, bei nafuu, wahini kabla hayajaisha.

Masele akauliza kama hiyo ni dua. Akaambiwa ni tangazo la duka. Wafugaji wakamgeukia Ngeleja, na wengine wakaanza kudai mbuzi waliomlipa. Siku nyingine Nyamizi angecheka hadi machozi. Siku hiyo alipiga magoti vumbini akapekua mabaki, kipande kimoja kimoja, mpaka akakiona kile kichwa cha habari. Kimekatwa pembeni, sawasawa. Chini yake hakuna kitu.

"Mjomba, hapa chini palikuwa na sehemu nyeupe. Iko wapi?"

Ngeleja alifurahi kupata swali analoliweza. Akaeleza kwamba yeye si mjinga wa kumshonea mtu karatasi isiyo na maandishi, huo ungekuwa wizi. Ile aliwashia moto asubuhi, akachemshia chai.

Miaka yote ile watawala waliyasaka magazeti ili wayateketeze, na lile moja lililowaponyoka limechemsha chai Dutwa. Mjomba akamwona machozi, akamhurumia kwa dhati.

"Usilie, mpwa wangu. Si karatasi nyeupe tu? Twende dukani nikununulie hata bunda zima."

Nyamizi aliuchukua ule mkasi mapajani mwa mjomba, akaenda nao mpaka choo cha mnadani, akautumbukiza shimoni.