Mpishi Hula Kwanza

Kwanza ilisikika ngano. Pwa. Pwa. Pwa. Donge lilipigwa ubaoni nyuma ya mabati, jua likiwa bado halijagusa mapaa ya mtaa wa Manyatta, na wanaume waliokuwa nje wakingoja mlango ufunguliwe wakajua chai haiko mbali. Halafu mlio ukakoma. Mtu akatapika, polepole, kama aliyezoea. Maji yakamwagwa. Ngano ikarudi ubaoni.

"Omera, ndugu yangu, umesikia hiyo?" alisema Nicodemus, mvuta mkokoteni wa soko la Kibuye.

"Nimesikia," alijibu Gordon, karani wa ofisi ya maji. "Na si leo tu."

"Huyu mama amekwisha. Si umeona mkono yake? Imebaki fito tu. Kwetu wazee wangesema ni chira, amevunja mwiko mahali."

"Chira ya wapi, na yeye ni wa msikitini? Hii ni ile ya redio."

Neno lenyewe hakulitaja. Mwaka ule wa tisini na tatu watu wa pande za ziwa walilizunguka neno ukimwi kama mtu anavyozunguka shimo la choo lililobomoka.

Mlango ukafunguliwa. Kadija alisimama nyuma ya kikaango, kanga ameifunga kiunoni kwa kamba ili isimdondoke. Juu ya kichwa chake, ukutani, rangi nyekundu ilisema: HOTELI YA HEMEDI. MPISHI HULA KWANZA.

Pande hizi mgeni haanzi kula kabla mwenye nyumba hajaonja. Kila mtu analijua hilo, awe Mjaluo, Mluhya au Mswahili wa Kaloleni: aliyepika atoe sumu kwa mdomo wake mwenyewe. Babake Hemedi aliichukua desturi hiyo ya nyumbani akaiingiza katika biashara, na Hemedi, mwenye hoteli sasa, akaiandika ukutani kwa rangi. Kila asubuhi chapati ya kwanza ilikuwa ya Kadija, nzima, mbele ya watu. Akimeza tonge la mwisho, sahani zinaanza kutembea.

Akala. Nicodemus aliliangalia koo lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka.

"Haya," akasema, "mimi nipatie mbili na maharagwe."

Mchana Hemedi alimwita kando.

"Watu wanaongea, Kadija."

"Wanaongea nini, Bwana Hemedi?"

"Usinitie maneno mdomoni. Utapimwa damu. Nitakupeleka mwenyewe."

Alimpeleka, na majibu yalipotoka aliyachukua yeye, akasimama juu ya benchi hotelini wateja wakiwa wamejaa, akainua karatasi. "Hana," akasema. "Mmesikia? Hana."

"Karatasi inanunuliwa," Gordon alisema huku akichovya chapati kwenye mchuzi. "Mimi nafanya kazi ofisini. Najua."

Watu wakacheka. Kadija akageuza iliyokuwa kwenye kikaango isiungue.

Siku alipoanguka, aliangukia ubao, uso ndani ya unga. Nicodemus ndiye aliyempeleka hospitali, amelala juu ya magunia matupu kwenye mkokoteni. Lile donge lililobaki lilipikwa likauzwa.

Hospitalini walilala wawili wawili kitandani. Asubuhi waligawiwa chai na mkate, na wauguzi walimsimamia Kadija aumalize mkate wake, kwani nguvu itatoka wapi. Akazidi kukonda. Kisha mkate ukakatika. Aliyekuwa akiuleta alikuwa hajalipwa, na katika wadi ilisemwa kwamba mkate wote ule umegeuka matofali ya nyumba ya mtu kule Milimani kwa matajiri. Wagonjwa wakapewa uji wa mahindi asubuhi, ugali mchana, ugali jioni. Walilalamika wote. Kadija peke yake aliinuka. Akaanza kwenda chooni bila kushikwa, akajisuka nywele, akaomba kuongezewa.

Halafu ikasemekana kuna mkubwa kutoka Nairobi anakuja kuitembelea hospitali. Ukuta ukapakwa chokaa, shuka zikapatikana, na mkate ukarudi, umepakwa siagi. Mkubwa alipita, akamsalimia Kadija kwa mkono. Haukupita muda Kadija alikuwa amejikunja tena akitapika kwenye beseni.

Daktari mmoja kijana, Waliaula, alisimama miguuni pa kitanda akimtazama kwa muda mrefu. Aliona ugonjwa unaondoka na mkate na kurudi na mkate, akampelekea habari mkubwa wake wa wadi.

"Hao wanaodhurika kwa ngano ni Wazungu, Waliaula," mkubwa akasema, Kadija akisikia. "Hawa wetu wanakufa kwa njaa na kwa yale mengine. Andika yale mengine."

"Alipimwa, hana."

"Basi andika njaa."

Waliaula hakuandika. Alingoja mpaka bingwa wa matumbo alipokuja kutoka Nairobi, akamwombea Kadija nafasi. Kadija akamezeshwa mpira, kinyama kidogo kikakatwa ndani yake kikapelekwa kuangaliwa. Jibu lilipokuja, Waliaula aliketi ukingoni mwa kitanda kama mtu wa nyumbani.

"Mama, ni ngano. Ukila ngano, tumbo lako linapigana nayo, na katika kupigana linajichana lenyewe. Chakula kingine nacho kinapita tu. Si uchawi, na haiambukizi."

"Dawa yake?"

"Haina dawa. Usile ngano. Chapati, mandazi, mkate, tambi, biskuti, yote uache, maisha yako yote. Ugali kula. Mtama, wali, samaki, kula. Hata vumbi la ngano likae mbali na wewe."

Kadija akacheka. Alicheka mpaka mwanamke waliyelala kitanda kimoja akaamka.

"Daktari, mimi kazi yangu ni kupika chapati."

"Tafuta nyingine."

"Nipe wewe. Hata kupiga deki hapa."

Waliaula akaizungusha kalamu yake vidoleni. "Hapa hawaajiri, Mama. Hata sisi wengine mshahara wetu haujafika."

"Kumbe unaniambia niache ngano, na ngano ndiyo inayoniweka ndani ya nyumba."

"Niahidi tu hutaila."

"Sitaila," alisema, kwa sauti ndogo.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hoteli. Hemedi aliutoa ufunguo wake pamoja na kazi, na angeutwaa pamoja na kazi. Humo aliishi Kadija na mamake, Bi Subira, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa lakini ulimi bado.

"Ngano," Bi Subira alisema alipoelezwa. "Nimekulea kwa maandazi ya Idi kila mwaka. Ina maana nilikuwa nakuua?"

"Hukujua, Mama."

"Hata wewe ulinyamaza. Ulikuwa ukilia tumbo, nakwambia nyamaza, unanyamaza." Akavuta chungu karibu. "Haya, kaa ule mtama."

Hemedi alifurahi kumwona. Mpishi aliyeshika nafasi yake alikuwa akipika chapati ngumu kama soli za ndara, na wateja walikuwa wamevuka barabara kwenda kwingine. Alimsikiliza Kadija mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Ngano? Babu yangu alikuja mji huu na gunia la ngano, akafa mzee hana jino hata moja."

"Nitapika, Bwana Hemedi. Nitafunga kitambaa puani nipike. Ila ya kwanza aonje mtu mwingine. Onja wewe, hoteli ni yako."

"Mimi si mpishi."

"Basi nihamishie kwenye samaki."

"Watu hawaji kwangu kwa samaki. Samaki wako ziwani, kila mtu anao." Akamkaribia, sauti ikalainika. "Wewe watu wanakutazama, Kadija. Hasa wewe, hasa sasa. Kula kipande tu. Kipande kitakuua?"

Akakubali. Akajifunza namna yake. Alimega mbele yao, akatafuna, akakificha kile kilichotafunwa shavuni, akatabasamu mdomo umefungwa. Kisha alikwenda nyuma ya pipa la maji, akatema kwenye pindo la kanga, akasukutua. Tumbo halikuacha kabisa kumsumbua, kwa kuwa vumbi liliingia hata kwenye kitambaa, lakini alipata nguvu. Mashavu yakarudi. Kanga ikakaa kiunoni bila kamba.

"Mama, umenona," Nicodemus alimtania asubuhi moja. "Bwana amepatikana?"

"Amepatikana."

"Anaitwa nani?"

"Anaitwa mtama."

Nicodemus alicheka mpaka chai ikampalia.

Mvua zikaja. Mifereji ya ofisi ya maji ilikuwa mikavu tangu Ramadhani, watu wa Manyatta walikuwa wakichota kwenye visima, na sasa vyoo vikafurika vikaingia visimani. Watu wakaanza kuhara. Wengine walizikwa. Gordon naye aliugua akapona, akarudi hotelini macho yameingia ndani, akakaa mahali pake pa siku zote. Hakusema habari ya mifereji.

"Mimi kabla ya kuugua, mara ya mwisho nilikula hapa," akasema. "Basi."

Siku hiyo Nicodemus alikwenda nyuma kunawa. Kadija alikuwa ameinama kando ya pipa, pindo la kanga mdomoni. Aliposikia hatua akainua uso. Ngano iliyotafunwa ilikuwa bado kwenye pindo, nyeupe, imelowa mate. Hakupata pa kuificha.

Nicodemus aliiangalia. Akamwangalia yeye.

"Mama," akasema polepole, "sisi tunameza."

"Nicodemus, ngoja nikueleze."

Hakungoja. Hakunawa pia.

Kesho yake, mlango ulipofunguliwa, umati ulijaa mpaka barabarani. Hemedi aliweka kigoda katikati ya mlango, pale ambapo walio ndani na walio nje wangeona.

"Kaa hapa."

Kadija akakaa. "Ni ngano," akasema. "Inaniumiza mimi peke yangu, ninyi haiwaumizi. Yuko daktari aliyeniambia. Nendeni mkamwulize."

"Daktari gani anajua chakula ya kuua mpishi peke yake?" Gordon alisema. "Wa kwanza alisema hana. Wa pili anasema ngano. Sisi tunaona mtu anatema chakula anatupatia sisi, na watu wanazikwa."

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Ale."

"Kula, Mama," Nicodemus alisema, karibu kwa kuomba. Alikuwa hamtazami usoni. "Kula tu hii maneno iishe. Mimi nataka kunywa chai niende kazi."

Kadija akamgeukia Hemedi. "Wewe unajua. Uliniona nilivyokuwa, na umeniona nilivyorudi."

"Najua," Hemedi alisema kwa sauti ya chini, akiinama kama anayeweka sawa kigoda. "Na kile chumba kina wanaokitaka." Kisha akanyooka, akaileta chapati mwenyewe juu ya sahani ya bati.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Bi Subira alisimama pale ameshika ukuta, mkono wa pili na bakuli la ugali wa mtama, mvuke ukipanda.

Kadija akala. Ilikuwa chapati nzuri. Tabaka ziliachana zenyewe vidoleni, laini, za moto, zenye harufu ya samli, na hakuna katika umati ule aliyejua kuliko yeye ilivyokuwa nzuri. Alitafuna akameza, akatafuna akameza, mpaka sahani ikang'aa. Hemedi akamwambia afungue mdomo. Akafungua, akatoa ulimi kama mtoto wa kliniki. Hemedi akachungulia. Gordon naye akainuka, akaja, akachungulia chini ya ulimi, kisha mashavuni, upande huu na upande huu.

"Amemeza," akasema.

Watu wakaanza kuingia. Mabenchi yakaburutwa. Mtu aliagiza mbili, mtu aliagiza nne za kubeba. Nicodemus alipokea chai yake akaketi amempa Kadija mgongo.

"Na kesho?" Gordon aliuliza kutoka mahali pake.

 Hemedi akamtazama Kadija. Kule mlango wa nyuma, Bi Subira alikuwa akitikisa kichwa, akitikisa, bakuli limelala upande.

Kadija akasimama. Akajipangusa midomo kwa pindo lile lile la kanga, akapaza sauti ili hata walio barabarani wasikie.

"Kesho nitakula, Bwana Hemedi. Keshokutwa nitakula. Kila siku ya Mungu nitakula nzima, na mdomo nitafungua, kabla ya mtu yeyote."