Asilimia Tisini na Saba za Merrill Pinkham

Merrill Pinkham alikuwa msomaji wa hali ya hewa katika redio ndogo ya Wexcombe, mji wa jimbo la New Hampshire, Marekani, wenye theluji nyingi na watu wachache, mpaka asubuhi moja alipoulizwa hewani, kwa mzaha tu, nani atashinda kura za mchujo, zinazopigwa jimbo kwa jimbo ili kila chama kipate mgombea wake wa urais. Akataja seneta mmoja ambaye hakuna aliyekuwa akimpa nafasi. Alimtaja kwa sababu walikuwa wamekunywa kahawa meza moja muda mfupi kabla, na jina lilikuwa bado mdomoni. Seneta akashinda. Toka hapo theluji ikaachiwa mtu mwingine, na Merrill akawa mtabiri.

Mchujo uliofuata, miaka minne baadaye, akapatia tena, ingawa safari hiyo mshindi alikuwa rais aliyekuwa madarakani, na mpinzani wake mkubwa alikuwa daktari wa meno mstaafu aliyetaka mji mkuu uhamishiwe milimani. Hilo watu walilisahau upesi. Walichokumbuka ni kwamba Pinkham hakosei. Kituo kimoja cha televisheni cha Boston kikamchukua, kikampa ramani kubwa ya kugusa kwa kidole, na kikamvisha miwani ya fremu nene japo macho yake hayakuwa na kasoro yoyote.

Nyumbani hali ilikuwa tofauti. Mkewe Verna, muuguzi mstaafu, alikuwa ameishi naye tangu enzi za redio na alijua thamani ya maneno yake. Merrill akisema leo kutakuwa na jua, Verna alikuwa akichukua koti. Wala hakuwa akimdharau. Alikuwa amezoea tu.

Mwaka huo Verna alikuwa na jambo lake. Alimpenda kwa moyo wote Gavana Constance Ahlgren, aliyekuwa akiwania kuteuliwa na chama chake kugombea urais, mama mkavu asiye na mbwembwe aliyezungumzia madaraja na hospitali kana kwamba ni watoto wake. Verna na nyonga yake mbovu alizunguka nyumba kwa nyumba akigonga milango, mbwa wakimbwekea, theluji ikimwingia ndani ya viatu. Mpinzani wa gavana ndani ya chama alikuwa mbunge Dwight Purcell, mtu asiyekumbukika hata ukiwa unamtazama. Katika chama kile kingine, aliyetia watu hofu alikuwa Buck Tolliver, tajiri wa kuuza magodoro, aliyeahidi kumfukuza kazi kila jaji anayevaa miwani. Alikuwa akikimbizana bega kwa bega na aliyekuwa jenerali wa jeshi.

Mji mzima ulikuwa umegeuka jukwaa. Katika mgahawa wa Claudette Gagnon, wateja walikuwa wameshahojiwa mara nyingi kiasi kwamba walijua wenyewe upande gani wa uso unapendeza kwenye kamera. Wagombea waliingia mmoja baada ya mwingine kugeuza chapati za maziwa jikoni kwa Claudette ili wapigwe picha. Ya Tolliver ilinata darini, na waandishi wa habari wakaijadili siku nzima, kama inamjenga au inambomoa.

Merrill, kusema haki, alikuwa amefanya kazi yake vizuri safari hii. Wanafunzi wa chuo walipiga simu kila wilaya, naye akazikokotoa hesabu mwenyewe, akazirudia, akapata kwamba gavana yuko mbele, ila si mbele sana. Nafasi yake ya kushinda ilikuwa kama asilimia sitini. Akaenda nayo Boston, moyo mweupe.

Mtangazaji wa kipindi, Trent Oberlin, kijana mwenye meno ya kutangazia dawa ya meno, aliitazama karatasi huku akipakwa poda. Akasema sitini si namba ya televisheni. Sitini ni namba ya mtu anayetafuta ufunguo gizani. Merrill akamweleza kwamba ndivyo hali ilivyo, kwamba katika kila mara kumi gavana angeshindwa mara nne. Trent akamuuliza, kwa upole kabisa, kama angependa kampuni imlete yule profesa wa kule New York, ambaye namba zake huwa haziteremki chini ya tisini.

Merrill akaiwazia ile ramani ikiguswa na kidole cha mtu mwingine. Taa zikawashwa. Alipoulizwa, akasikia sauti yake ikisema, "Tisini na saba."

Trent akatabasamu. Ile namba ikaandikwa kwa herufi nyekundu chini ya skrini, na kabla kipindi hakijaisha ilikuwa imeshafika kila jiko la jimbo lile.

Asubuhi ya uchaguzi Verna alimkaangia mayai, akakaa mbele yake, akawa anamwangalia anavyokula. Haikuwa kawaida yake.

"Merrill, ile tisini na saba. Ni kweli, au ni ya kwenye televisheni?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Baadaye aliikumbuka dakika ile mara nyingi: mayai, sharubati nzito ya utomvu wa mti wa mepo, mkono wa Verna juu ya meza. Lakini mtu aliyesifiwa wiki nzima barabarani, dukani, hata kanisani, hawezi kukubali kirahisi kuwa mwongo mbele ya mkewe, tena asubuhi ambayo kwa mara ya kwanza katika maisha ya ndoa yao mke huyo anamuuliza kwa nia ya kumwamini.

"Ni kweli," akasema.

"Una hakika?"

"Verna, mke wangu, hesabu ni hesabu. Gavana wako huyo ameshashinda."

Verna akashusha pumzi, akavaa viatu vya theluji, akaenda kupiga kura katika ukumbi wa mazoezi wa shule. Merrill akaendesha gari kwenda Boston.

Jioni matokeo yakaanza kuingia, na ramani ikaanza kumsaliti. Miji ambayo gavana alipaswa kuichukua kwa kishindo aliichukua kwa kuchechemea. Wexcombe yenyewe, ngome yake, ikaenda kwa Purcell. Cha ajabu, katika chama kile kingine watu walikuwa wamejitokeza kupita matarajio, na kura zilizozidi karibu zote zilimwendea jenerali. Hazikumsaidia. Tolliver alimpita kwa kura kiduchu, akapanda juu ya kiti kushangilia. Purcell naye alitangazwa mshindi, akatoa hotuba ambayo wasaidizi wake wawili waliisikiliza wakisinzia. Trent akamgeukia Merrill na kumuuliza nini kimetokea. Merrill akazungumza muda mrefu juu ya unyevunyevu wa barabara na tabia za wapiga kura wa vitongojini, bila kuelewa neno hata moja alilokuwa akilisema.

Alipofika nyumbani alimkuta Verna jikoni, koti bado mwilini. Hakuwa analia. Alikuwa ameketi tu.

Katika jimbo lile, asiyejiandikisha chama chochote akifika kituoni huchagua mwenyewe achukue karatasi ya kura ya chama gani, na akichukua ya hiki, cha pili kimempita. Verna hakuwa na chama. Merrill alilijua hilo siku zote, na alikuwa hajawahi kulifikiria.

"Nilichukua karatasi ya kina Tolliver," Verna akasema.

Merrill akavuta kiti.

"Nilimpa jenerali, ili nimzuie yule wa magodoro. Nikasema Constance hanihitaji. Tisini na saba, ya nini kupoteza kura. Na sikuwa peke yangu. Pale kwenye foleni tulikuwa tunanong'onezana. Claudette alifanya hivyohivyo. Walimu wote wa shule. Kina mama wote niliozunguka nao na theluji."

"Verna..."

"Nimekuwa nikigonga milango tangu majani yaanze kupukutika. Halafu sikumpigia kura." Akamtazama. "Ilikuwa ngapi, Merrill? Ile ya kweli."

"Sitini."

Verna akatikisa kichwa taratibu, kama muuguzi anayesoma joto la mgonjwa. Akasema kwa sitini angempigia. Kwa sitini angewaburuta wote waliokuwa kwenye foleni ile, nyonga au si nyonga. Kisha akaenda kulala, na mlango akaufunga.

Siku zilizofuata simu haikupumzika. Kituo hakikumfukuza. Kinyume chake, Trent alisema watazamaji walikuwa wengi kuliko wakati wowote, maana watu hupenda kumwona mtabiri akitokwa jasho. Wakataka aende jimbo la South Carolina, kwenye mchujo unaofuata. Kisha wagombea na watu wao nao wakaanza kupiga simu. Meneja wa gavana, akiwa na sauti iliyokauka, alimsihi kwamba safari hii, kama ana utu, atabiri gavana atashindwa. Baada yake mtu wa Purcell akapiga, akiomba hilohilo. Mtu wa jenerali alitaka kushindwa kwa tofauti ndogo, isiyokatisha tamaa. Tolliver mwenyewe alipiga kumuuliza kama anaweza kutabiriwa amekufa.

Usiku wa kipindi Merrill alisimama tena mbele ya ramani. Trent akamuuliza nani atashinda.

"Sijui," Merrill akasema.

Trent akacheka kidogo, akagusa kifaa sikioni, akasikiliza anachoambiwa kutoka chumba cha nyuma.

"Hujui kwa asilimia ngapi?"

Merrill akafikiri kwa dhati, maana ndivyo alivyokuwa, kisha akasema hilo nalo halijui. Wakaweka tangazo la bima. Tangazo lilipokwisha, palikuwa na mtu mwingine mbele ya ramani, profesa kutoka New York, akisema tisini na tisa.

Merrill alirudi Wexcombe akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Verna hakumpongeza wala hakumsimanga. Alimwambia tu kwamba kamati ya mji inataka mabango yote ya kampeni yatolewe kandokando ya barabara, na kwamba nyonga yake haitaki kuinama. Basi wakatoka pamoja, yeye akiendesha gari polepole, Merrill akitembea pembeni na kung'oa vijiti vya mabango vilivyogandia ardhini, jina la Constance Ahlgren kwenye kila kimoja, akivipanga nyuma ya gari. Kuna sehemu vilikataa, ikabidi apige magoti kwenye theluji na kuvitikisa kwa mikono miwili.

Mbele ya ofisi ya posta jirani mmoja akasimamisha gari, akateremsha kioo, akataka kujua Pinkham anaonaje, South Carolina itakwenda kwa nani.

Merrill akafungua mdomo.

"Yuko kazini," Verna akamjibu yule jirani kutoka kwenye usukani. Kisha akamwonyesha mumewe kwa kidole bango jingine, lililobaki kona ya pili.