Simu Moja, Watu Thelathini na Nne

Uvumi ulitoka sokoni Narung'ombe, ukaniingia, ukakataa kutoka: kwamba ukibipu ile namba ya kura, jina lako linatokea mjini kwenye kompyuta, na upande wako ukishindwa unafuatwa nyumbani.

Ilikuwa Oktoba 2008. Kijiji chetu, jirani na Mtua, kilikuwa kinaletewa nesi mmoja, na mto umetukata katikati. Akae upande gani? Watu wa mradi wakasema safari hii hakuna kunyoosha mikono, tupige kura kwa simu. Anayemtaka huku abipu namba hii, anayemtaka ng'ambo abipu ile. Mashine itahesabu.

Mimi nilimtaka huyo nesi kuliko wote. Mwanangu Prisca, mtoto wake wa kwanza alimfia tumboni pale ukingoni, tunangoja maji yapungue. Sasa alikuwa na mimba nyingine, ya kujifungua mwezi wa tatu.

Lakini nikaogopa. Kitongojini tulikuwa na simu tisa. Nikapita nyumba kwa nyumba: "Jamani, ficheni simu zenu. Tubipu wote kwa ya Severini wa dukani. Wakimfuata, atajua mwenyewe."

Tukapanga mstari. Severini akalalamika, "Hii simu, si kinu, kila mtu aje atwange!" Tukacheka. Kila mmoja alibonyeza kwa kidole chake, ikaita, akakata. Watu thelathini na nne, niliwahesabu.

Siku ya mkutano mtendaji, Titus, akasoma karatasi.

"Ng'ambo, kumi na sita. Huku, moja."

Nikasimama. "Moja? Tumebipu thelathini na nne!"

"Kwa simu ngapi, Mama Prisca?"

"Ya Severini," nikasema.

"Mashine inahesabu namba ya simu, mama. Vidole haivijui."

Mwanne wa ng'ambo akapiga kigelegele. "Mtakuja kwa kuogelea!"

Prisca hakucheka. Akaniuliza polepole, "Mama, mwezi wa tatu maji yanafikaga wapi?"

Leo ni Februari, maji yamefika kifuani. Nimetafuta chumba ng'ambo. Kila nyumba imejaa wajawazito wa huku. Silali.

Nasikia na ninyi wa vijiji vingine mtaletewa kura hizo. Basi:

Watu wengi msibipu kwa simu moja.
Msifiche simu zenu kwa maneno ya sokoni.
Msipige kura kabla ya kuuliza mashine inahesabu nini.
Msikae kimya kama wengi wenu hawana simu.
Msingoje mto ujae ndipo mumvushe mjamzito.