Mpishi wa Kambi ya Minara

Enid Garrod alikuwa msoma rada, na rada ilikuwa siri. Kila mtu pale kijijini, pwani ya Kent, aliiona minara ile mirefu ya chuma, lakini kwamba ilinusa ndege za Wajerumani zingali ng'ambo ya bahari, hakuna aliyetakiwa kujua. Kwa hiyo Bi Pilbeam, mjane aliyempangisha chumba, alipomuuliza anafanya kazi gani kambini, Enid alijibu la kwanza lililomjia mdomoni.

"Mpishi, mama."

"Ala! Basi Jumapili utatuokea nyama. Padri anakuja."

Enid hakuwahi kuchemsha hata yai. Jumapili hiyo nyama ilitoka motoni nje nyeusi tii, ndani inavuja damu. Padri alitafuna, akatafuna, mwisho akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtazama.

"Ndiyo wanayolishwa vijana wetu?" Bi Pilbeam aliguna. "Ndiyo maana wamekonda!"

Kesho yake mchana akatokea kwenye lango la kambi, kapu la mikate ya nyama mkononi, anamfokea mlinzi. "Nipishe nikawapikie! Yule binti atawaua kabla ya Wajerumani!"

Enid alikuwa ndani, macho kwenye kioo cha rada. Alama ya mwanga ilichomoza, ikanenepa: ndege nyingi, zinakuja. Akapiga simu makao makuu. Mwenzake alipompokea zamu, Enid akaletewa ujumbe wa mlinzi: akamwondoe langoni yule bibi, aliyedhaniwa mama yake.

Alimkuta Bi Pilbeam bado anabishana. Akamshika mkono, akamvuta kwenye handaki lililochimbwa kando ya lango.

"Ingia handakini, mama!"

"Kuna nini? Mbona mbingu shwari?"

"Ingia tu!"

Hawajakaa vizuri, ngurumo ikasikika baharini. Lakini ndege za Waingereza zilikwisha kupanda, zinangoja juu. Ziliwashukia Wajerumani kama mwewe, nao Wajerumani wakamwaga mabomu yao majini na kugeuza.

Bi Pilbeam alimkazia macho mpangaji wake.

"Ulijuaje?"

"Nimebahatisha."

"Mpishi, eti!" Akaanza kucheka, kofia ikamwanguka. "Afadhali, mwanangu. Nilidhani nchi imekwisha."

"Sijasema kitu, mama."

"Wala mimi sijasikia. Lakini jikoni kwangu usikanyage tena."

Enid alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mlinzi, akidhani ni kilio, akainama ukingoni mwa handaki kuuliza nani kaumia.